Kopo Linalosikika Chumbani

Kidonge chenyewe hakina neno. Kinamezwa na maji mara moja kwa siku, na baada ya wiki chache za kichefuchefu chepesi kwa baadhi ya watu, mwili huzoea. Chenye maneno ni kopo. Ni kopo jeupe la plastiki la vidonge 30, na kila likiguswa linalia kama kayamba. Msichana aliyepanga chumba Ng'ong'ona au Nkuhungu, hapa Dodoma, kwenye nyumba ya vyumba sita visivyo na dari, anajua sauti hiyo inafika wapi. Watu wanaofanya kazi ya kugawa dawa hizi, kuanzia Kisumu hadi Johannesburg, wamezoea kukuta hila zilezile: vidonge vimefungwa kwenye karatasi, vimehamishiwa kwenye kichupa cha losheni, kopo limeshindiliwa pamba lisipige kelele, au limetupwa palepale nje ya geti la kliniki.

Anayefichwa mara nyingi si mama wala jirani. Ni mwanamume anayelala humo siku mbili tatu kwa wiki.

Dawa inaitwa PrEP, na wahudumu wetu wengi huiita dawa kinga. Anaimeza mtu asiye na VVU ili virusi vikiingia mwilini vikute mlango umefungwa. Ndani yake mna tenofovir pamoja na emtricitabine au lamivudine, na hapo ndipo shida inapozaliwa, kwa kuwa viambato hivyo ni vya ukoo uleule wa dawa za kufubaza virusi wanazomeza wanaoishi na VVU. Mwanamume akiliona kopo hasomi lebo. Kopo la namna hiyo analijua, aliwahi kuliona kwa shangazi yake au kwa kaka yake aliyekwisha kufariki. Kichwani mwake yanapita mambo matatu kwa kasi: huyu amekanyaga waya na ananificha; au huyu anajiuza, maana ndizo dawa za machangu; au huyu ananiona mimi ndiye mwenye ngoma. La tatu ndilo lililo karibu na kweli, na ndilo linalouma kuliko yote.

Hilo la machangu halikutoka hewani. Tanzania ilipoanza kuipeleka dawa hii vituoni nchi nzima, mwaka 2021, ililengwa kwa makundi yaliyo katika hatari kubwa: wanawake wanaofanya biashara ya ngono, watu wanaojidunga dawa za kulevya, wenza ambao mmoja ana virusi na mwingine hana, na pia wasichana balehe na wanawake vijana. Kitaalamu mpango huo haukuwa na kosa. Mtaani orodha hiyo ilisomwa kwa namna yake, na jina la kwanza likawafunika wote waliofuata.

Turudi nyuma kidogo, mwaka 2011, maana mwaka ule kidonge hiki kilitoa majibu mawili yasiyofanana na mpaka leo sijaona mjadala wenye mafunzo zaidi ya ule. Aprili, jaribio lililoitwa FEM-PrEP, lililowahusisha wanawake 2,120 wa Kenya, Afrika Kusini na Tanzania, lilisimamishwa. Waliopewa dawa na waliopewa kidonge kisicho na kitu walikuwa wanaambukizwa kwa kiwango kilekile. Julai yakaja matokeo ya Partners PrEP kutoka Kenya na Uganda: kati ya jozi 4,747 za wenza, ambazo katika kila moja mmoja alikuwa na VVU, kidonge kilekile kilipunguza maambukizi kwa takriban robo tatu.

Damu ndiyo iliyosema. Katika FEM-PrEP karibu wanawake wote walieleza kwamba wanameza kama walivyoelekezwa, lakini vipimo vilionyesha kuwa chini ya asilimia 40 ndio waliokuwa na dawa mwilini. Jaribio jingine, VOICE, lililowachukua wanawake 5,029 wa Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, likakuta mambo mabaya zaidi: dawa ilionekana kwenye chini ya theluthi moja ya sampuli. Dawa haikushindwa. Ilibaki ndani ya kopo.

Na wale wa Partners PrEP? Kule kidonge kilikaa juu ya meza. Mume alijua, mke alijua, kliniki iliwajua wote wawili. Norma Ware wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake waliwahoji baadhi ya wenza hao nchini Uganda ili waelewe kwa nini walimeza kwa uaminifu namna ile, na makala yao ya mwaka 2012 ililieleza jambo ambalo bibi yeyote wa Kigogo angekueleza bure: watu wale walikuwa wanaokoa ndoa. Majibu ya vipimo yalikuwa yamewaweka njia panda. Mmoja ana virusi, mwingine hana, na wote wawili hawataki kuachana. Kidonge kikawa njia ya kubaki pamoja. Mwenza akawa saa ya kukumbusha na mletaji wa maji ya kumezea.

Nisizidishe chumvi. Wenza wale walijua hatari iko wapi, imelala kitanda kimoja nao na ina kadi ya kliniki. Binti wa miaka 20 hajui. Kwake hatari ni kitu cha kukisia, na kukisia kwenyewe kunamhusu mtu anayempenda. Hata hivyo tofauti ile ya mwaka 2011 imekaa kichwani mwangu, na kila ninapopita mtaani Dodoma naiona kwa sura mpya.

Mji huu umejaa wenza wa ratiba. Uamuzi wa kuifanya Dodoma makao makuu ni wa mwaka 1973, lakini kwa miongo minne ulibaki zaidi kwenye makaratasi, mpaka Rais Magufuli alipotangaza mwaka 2016 kwamba serikali inahama kweli. Sensa ya 2012 iliikuta manispaa na watu 410,956. Ya 2022 ikalikuta jiji na watu 765,179. Wamo waliokuja na ajira na kuziacha familia Dar es Salaam kwa sababu ya shule za watoto au kazi ya mke. Wamo mafundi wa Mji wa Serikali wa Mtumba na wa reli. Wamo madereva wa malori wanaolala Kibaigwa wakisubiri mahindi yapakiwe. Wamo maelfu ya wanafunzi wa UDOM, chuo kilichoanzishwa 2007, wa Mtakatifu Yohana, wa Mipango, wa CBE, wengi wao wakiishi kwa boom linalochelewa na kodi ya chumba isiyochelewa. Bunge la bajeti likianza Aprili, nyumba za wageni hujaa mpaka Julai inapokaribia.

Sasa mchukulie msichana ambaye mwanamume wake ni mtumishi aliyehamia huku peke yake. Jumatatu hadi Alhamisi yuko Dodoma. Ijumaa jioni anapanda treni ya umeme kwenda kwa familia. Msichana ameambiwa kliniki ameze kila siku, na akajichagulia saa tatu usiku, kwa kuwa ndiyo saa ya kutulia. Kwa hiyo Jumatatu hamezi, mwanamume yupo. Jumanne hamezi. Jumatano anajaribu akiwa bafuni bila maji, anashindwa. Ijumaa, Jumamosi na Jumapili anameza vizuri kabisa, kwa utulivu, kopo likiwa mezani. Siku tatu za wiki amejikinga na mtu aliyeko Dar es Salaam. Mwili wa mwanamke hauvumilii mchezo huo: dawa inahitaji takriban siku saba mfululizo ijae vya kutosha, na baada ya hapo inataka kumezwa karibu kila siku ili ulinzi usishuke.

Ndiyo maana naamini kinachoangusha watu ni siri ya nusu. Mwanamke ambaye mwenza wake anajua na amekubali, anameza. Aliyejificha kikamilifu, kidonge akakihamishia saa saba mchana chuoni au kazini, na kopo likakaa kwa rafiki, naye anameza. Dawa haijali saa, inajali siku. Anayekwama ni wa katikati: amesema kidogo, akaona uso wa mwenzake umebadilika, akarudi nyuma na kusema ni vidonge vya kuongeza damu. Tangu hapo kila kidonge ni uongo mpya, na uongo wa kila siku unachosha kuliko kichefuchefu.

Wanaume wenyewe hawafanani, na hapa lugha yetu ya mtaani ina akili kuliko fomu za kliniki. Fomu inaandika mwenza. Msichana ana danga, ana sponsa, ana mbaba, na pembeni ana mpenzi. Kwa danga kondomu inaombwa, wakati mwingine inalipiwa hata bei tofauti ikikosekana. Kwa mpenzi haiombwi kabisa baada ya mwezi wa pili, kwani kuiomba ni kusema sikuamini. Kidonge kinaingia kwenye mtego uleule. Wapo wanaoacha dawa kwa hofu ya kupigwa au kuachwa bila kodi, na hilo linafahamika vizuri kiasi kwamba mradi wa EMPOWER, uliofanyika Mwanza na Johannesburg kwa wasichana wa miaka 16 hadi 24, uliliweka swali la ukatili ndani ya huduma yenyewe ya PrEP. Lakini wapo pia wanaoacha kwa mapenzi. Amempata mtu anayemwita mke wangu mbele ya rafiki zake, na kumeza kidonge akiwa na mtu huyo anaona ni kama kumuapiza. Hofu tunajua kuizungumza kwenye semina. Hili la pili tunalikwepa, labda kwa sababu kila mmoja wetu aliwahi kuwa mjinga wa namna hiyo.

Kampeni zetu zilimfahamu mwanamume wa namna moja tu. Kuanzia mwaka 2008 redio zilitupa Fataki, yule mzee wa kuhonga chipsi na vocha, na jina likaingia kwenye Kiswahili cha kila siku kiasi kwamba watoto waliozaliwa baadaye wanalitumia bila kujua lilikotoka. Ilikuwa kazi nzuri ya sanaa. Ilimfundisha binti kukimbia na jirani kupaza sauti. Fataki mwenyewe ilimwacha pale barazani akiwa amefedheheka tu. Hakuna aliyemwambia akapime.

Juni 2018, hapa hapa Dodoma, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alizindua kampeni ya Furaha Yangu, na safari hii waliolengwa hasa walikuwa wanaume. Sababu ilikuwa kwenye utafiti wa kitaifa wa 2016 hadi 2017: kati ya wanaume waliokutwa na VVU, chini ya nusu ndio waliosema wanaijua hali yao. Wengi wetu tunapima kwa mgongo wa mke. Mama anakwenda kliniki ya wajawazito, anapimwa, anarudi na majibu mazuri, na baba anajihesabu naye kapima. Utafiti uliofuata, wa 2022 hadi 2023, uliweka kiwango cha maambukizi kwa watu wazima kuwa asilimia 4.4, wanawake 5.6 na wanaume 3.0, huku maambukizi mapya yakiwa takriban 60,000 kwa mwaka na kasi yake kwa wanawake ikiwa maradufu ya ile ya wanaume.

Angalia jinsi mambo yalivyopinduka. Msichana anayetumia PrEP anapimwa kabla ya kuanza, na kisha kila baada ya miezi mitatu anapimwa tena, kwa sababu dawa haipaswi kuendelea mwilini mwa mtu aliyeambukizwa. Katika chumba kile cha Nkuhungu, mwenye ushahidi wa hali yake ni yeye. Anayetiliwa shaka ni yeye. Anayetilia shaka huenda mara ya mwisho alitoa damu alipojeruhiwa kwenye ajali ya bodaboda.

Kuna jambo lingine ambalo likifika vijiweni lingepunguza nusu ya ugomvi huu. Mwanamume anayeishi na VVU, akimeza dawa zake mpaka virusi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenza wake kwa ngono. Shirika la Afya Duniani lililitamka hilo bila kigugumizi mwaka 2023, miaka 12 baada ya majaribio makubwa kuanza kulionyesha. Na huko kwenye dawa tumefanya vizuri: utafiti wetu wa mwisho ulikuta zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima wanaotumia dawa wamefubaza virusi. Maana yake, mwanamume anayejua hali yake na kuitibu anaweza kuwa salama zaidi kwa msichana kuliko yule anayeapa kwa jina la mama yake kwamba yuko fiti. Jaribu kuisema sentensi hiyo kwenye nyama choma ya mnada wa Msalato siku ya Jumamosi, uone watakavyokuangalia.

Basi jibu ni kuwaleta wanaume kliniki? Hapo nasita, na nina sababu. Nchi hii ilishalijaribu hilo kwenye kliniki za wajawazito. Nia ilikuwa njema: mama aje na mwenza wapimwe wote, mtoto asiambukizwe. Lakini chini, dirishani, nia iligeuka sharti. Mwanamke aliyekuja peke yake akawekwa mwisho wa foleni, au akaambiwa akalete barua ya mwenyekiti kuthibitisha kwamba mwenza wake hayupo. Waliokosa mwenza wa kuja naye, yaani waliokimbiwa na waliopewa mimba na waume za watu, wakawa ndio wanaotembea juani kutafuta muhuri. Wapo waliochukua bodaboda wa kijiweni, wakamlipa, akakaa nao kwenye benchi kama baba mtarajiwa. Ukisikia mtu anasema wanaume washirikishwe kwenye PrEP, muulize kwanza barua itaandikwa na nani.

Sheria kwa bahati imekwenda upande mwingine. Marekebisho ya mwaka 2019 ya Sheria ya UKIMWI ya 2008 yaliushusha umri wa kuridhia kupima hadi miaka 15 na yakaruhusu mtu kujipima mwenyewe. Kanda hii ya kati ilipata pia mradi wa Timiza Malengo, ulioratibiwa na Tume ya Kudhibiti UKIMWI (TACAIDS) kwa fedha za Mfuko wa Dunia, ukawafikia wasichana wa Dodoma, Singida na kwingineko kwa elimu, vikundi na mitaji midogo. Mtaji nautaja kwa makusudi. Msichana anayelipa kodi yake mwenyewe ana ujasiri tofauti wa kuacha kopo mezani.

Teknolojia nayo inamwendea haraka msichana kuliko mwanamume. Wanawake wa huku siri ya sindano wanaijua tangu zamani. Wengi walichagua sindano ya uzazi wa mpango kuliko njiti kwa sababu njiti hupapaswa mkononi ikajulikana, na sindano haiachi alama. Sindano za kuzuia VVU zimekuja na hesabu hiyohiyo. Cabotegravir, inayodungwa kila miezi miwili, ilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2022. Kisha Juni 2024 yakaja matokeo ya lenacapavir, sindano mbili tu kwa mwaka, kutoka Afrika Kusini na Uganda: kati ya wasichana na wanawake vijana 2,134 waliodungwa, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Katika jaribio hilohilo waliopewa kidonge cha kila siku kilichozoeleka walikuwa 1,068, na 16 waliambukizwa. Kopo tena. Julai 2025 sindano hiyo ikapendekezwa rasmi.

Ningekuwa na binti wa umri huo ningemtakia sindano, sioni haya kusema. Lakini sindano inamficha msichana, haimgusi mwanamume. Atabaki hajapima, na kesho atakuwa na mwingine.

Na njia yenyewe ya dawa si ya kuaminika kama tulivyodhani. Januari 2025 Marekani ilisitisha misaada yake ya nje, na Februari, ilipolegeza kidogo, PrEP ya fedha zake ikaruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Msichana wa chuo asiye na mimba akabaki nje ya mstari. Kwa lugha nyingine, alitakiwa kwanza apate kwa mwanamume kile kimoja ndipo akingwe na kile cha pili.

Kuna kitu kidogo ambacho sikuwa nimekitilia maanani mpaka nilipokishika mkononi: kipimo cha kujipimia kwa ute wa kinywani. Kijiti kinapitishwa kwenye fizi, juu na chini, kinatumbukizwa kwenye kichupa, na dakika 20 baadaye mistari inaonekana, mmoja au miwili. Ikiwa miwili, mhusika anakwenda kituoni kuhakikishiwa kwa damu kabla ya lolote. Katika nchi kadhaa za Afrika wanawake wamekuwa wakipewa vipimo viwili, kimoja chake na kimoja cha kwenda nacho nyumbani, na wapo wanaume wengi waliokubali kupima sebuleni ambao kliniki wasingekanyaga. Wapo pia waliofoka, ndiyo maana mshauri makini humuuliza mwanamke kwanza kama nyumbani kuna usalama, na humwacha aamue mwenyewe.

Humfundisha pia namna ya kuanza. Asianze na kidonge, aanze na kijiti, tena cha kwake, ajipime mbele ya mwenzake baada ya chakula kisha amsogezee cha pili bila hotuba. Msichana wa Ng'ong'ona anatoka kliniki na bajaji, mkoba mapajani, kijiti ndani ya boksi lake na kopo chini kabisa, limefunikwa na khanga. Leo ni Jumatatu.